Jim Thorpe: Bingwa Aliyepokonywa Medali Zake



Ndugu zangu wanafunzi, kurasa hizi za maisha ya watu mashuhuri zimezoea kutuletea wanazuoni, watawala na wapigania uhuru. Katika toleo hili naomba mniruhusu nitoke nje ya mazoea. Nawaletea mwanamichezo, tena Mmarekani, aliyefariki zaidi ya miaka 70 iliyopita, aliyepata riziki yake kwa kucheza michezo miwili ambayo wengi wetu hapa chuoni hatujui hata kanuni zake: besiboli na futiboli ya Kimarekani. Jina lake ni Jim Thorpe.

Sikumchagua kwa sababu ya mbio zake wala nguvu zake, ingawa nitazieleza. Nimemchagua kwa sababu maisha yake yamebeba swali ambalo sisi tunaosoma fiqhi na hukumu tunakutana nalo kila muhula: mtu akivunja kanuni kweli, na akakiri kweli, je, anayemhukumu ana ruhusa ya kuvunja kanuni yake mwenyewe ili amtie hatiani? Mwaka 1913 wakubwa wa michezo walijibu kwa vitendo kwamba inawezekana. Ilichukua miaka 109 jibu lao hilo kufutwa lote.

Kuzaliwa kwake

Thorpe alizaliwa mwezi Mei 1887, karibu na mahali ulipo leo mji wa Prague katika jimbo la Oklahoma. Wakati ule Oklahoma haikuwa jimbo bado. Lilikuwa eneo ambalo serikali ya Marekani ililitenga kwa ajili ya wenyeji wa asili waliofukuzwa kwenye ardhi zao za zamani. Baba yake, Hiram Thorpe, alikuwa na damu ya kabila la Sac and Fox na damu ya Kiayalandi. Mama yake, Charlotte Vieux, alikuwa na damu ya Kipotawatomi na ya Kifaransa. Kwa lugha ya watu wake mtoto alipewa jina la Wa-Tho-Huk, maana yake njia angavu, njia iliyomulikwa na radi.

Mwaka huohuo wa 1887 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuigawa ardhi ya makabila vipandevipande, kila mtu na kipande chake, na ziada kuwapa walowezi. Kabila la Sac and Fox lilifikiwa na sheria hiyo mwaka 1891. Siku moja ya Septemba walowezi kwa maelfu waliruhusiwa kuingia na kujichukulia mashamba. Kwa hiyo Jim alikuwa bado mtoto mdogo alipoona nchi ya baba zake ikijaa wageni.

Alizaliwa pacha. Ndugu yake, Charlie, aliugua akafariki wakiwa na umri wa miaka kama tisa. Baada ya msiba huo Jim akawa mtoro. Alipelekwa shule akatoroka, akarudishwa, akatoroka tena. Mwaka 1898 baba yake akampeleka mbali zaidi, katika shule ya Haskell huko Kansas, ili umbali umzuie. Haukumzuia. Miaka michache baadaye mama yake naye akafariki.

Shule ya Carlisle

Mwaka 1904 Jim alipelekwa Carlisle, katika jimbo la Pennsylvania, mashariki kabisa mwa nchi. Hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu bila kuielewa Carlisle hatumwelewi Thorpe.

Shule ya Carlisle ilianzishwa mwaka 1879 na afisa wa jeshi aitwaye Richard Henry Pratt, ndani ya kambi ya zamani ya askari. Shabaha yake ilikuwa kuwachukua watoto wa makabila kutoka kwa wazazi wao na kuwarudisha wakiwa watu wengine. Mtoto akifika alikatwa nywele, akavishwa sare kama ya jeshi, akapewa jina la Kizungu na kukatazwa kusema lugha ya mama yake. Nusu ya siku ilikuwa masomo, nusu nyingine kazi za mikono. Mara nyingi walipelekwa pia kufanya kazi kwenye mashamba ya familia za Wazungu kwa ujira mdogo. Jim naye alipitia huko. Watoto wengi walifia Carlisle kwa maradhi kama kifua kikuu, na makaburi yao yaliyozidi 180 yalikuwa hapo. Nawaomba myakumbuke makaburi hayo, maana nitayarudia mwishoni.

Mwaka huohuo alioingia Carlisle, baba yake alifariki. Kijana huyo akabaki yatima wa pande zote mbili, katika shule iliyojengwa ili kumsahaulisha alikotoka.

Kipaji chake kiligunduliwa mwaka 1907. Inasimuliwa kwamba alikuwa akipita uwanjani akiwa na nguo za kazi, akawaona wenzake wakishindwa kuruka juu ya kijiti. Akaomba naye ajaribu, akakiruka bila mazoezi yoyote. Kocha wa shule, Glenn Warner, ambaye Wamarekani wanamjua zaidi kwa jina la Pop Warner, alipopata habari akamchukua. Kuanzia hapo Jim akawa mwanariadha na mchezaji wa futiboli wa shule.

Kwa wasioijua, futiboli ya Kimarekani si kandanda. Mpira wake una umbo la yai, hubebwa mikononi, na wapinzani humkimbilia aliyeushika wamwangushe chini. Pointi hupatikana kwa kuufikisha mpira mwisho wa uwanja, au kwa kuupiga teke ukapita katikati ya nguzo mbili. Ni mchezo wa miili mikubwa. Carlisle walikuwa wachache na wepesi, lakini walikuwa na mbio na akili.

Novemba 1911 walikwenda kucheza na Harvard, chuo cha watoto wa matajiri na moja ya timu kali za nchi. Carlisle wakashinda kwa pointi 18 kwa 15. Mateke manne ya pointi yalikuwa ya Thorpe, naye alicheza akiwa ameumia mguu. Mwaka uliofuata wakaifunga timu ya chuo cha kijeshi cha West Point kwa 27 kwa 6. Katika timu ya West Point alikuwamo kijana mmoja aliyeitwa Dwight Eisenhower, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani. Fikirini maana ya mechi ile kwa wachezaji wa Carlisle: watoto wa makabila yaliyopigwa na jeshi wanawashinda maafisa watarajiwa wa jeshi lilelile.

Stockholm, 1912

Kati ya mechi hizo mbili ndipo ilipokuja Michezo ya Olimpiki ya Stockholm, Sweden. Thorpe aliingia katika mashindano mawili makubwa. La kwanza ni pentathloni, yaani michezo mitano kwa mshindani mmoja. La pili ni dekathloni, michezo kumi: mbio fupi na ndefu, mbio za kuruka viunzi, kuruka juu, kuruka umbali, kuruka kwa upondo, kutupa tufe, kisahani na mkuki. Dekathloni ile ilichezwa kwa siku tatu.

Katika pentathloni alikuwa wa kwanza katika michezo minne kati ya mitano. Katika dekathloni alipata pointi 8,412, akimwacha Msweden Hugo Wieslander, aliyekuwa wa pili, kwa karibu pointi 700. Ipo picha yake ya siku zile akiwa amevaa viatu visivyofanana. Inasimuliwa kwamba vyake viliibwa, akaokoteza vingine. Tena alipata nafasi ya nne katika mashindano ya kawaida ya kuruka juu na ya saba katika kuruka umbali.

Mfalme Gustav wa Tano wa Sweden alimkabidhi zawadi zake, na masimulizi yanasema alimtaja kuwa mwanariadha mkubwa kuliko wote duniani. Mbali na medali mbili za dhahabu alipewa tuzo mbili za thamani, moja ya Mfalme wa Sweden na nyingine ya Mfalme wa Urusi. Aliporudi New York, watu walijipanga barabarani kumshangilia.

Jambo moja limenikaa moyoni. Mtu huyu aliyeiletea Marekani sifa hiyo alitoka katika watu ambao wengi wao hawakuwa raia wa Marekani kisheria. Sheria ya kuwapa wenyeji wote wa asili uraia ilipitishwa mwaka 1924, miaka 12 baadaye.

Kosa lenyewe

Sasa tufike kwenye kesi. Olimpiki za wakati ule zilikuwa za wachezaji wa ridhaa peke yao. Aliyewahi kupokea malipo kwa kucheza, hata mchezo mwingine kabisa, hakuruhusiwa kushiriki. Kanuni hiyo ilisemwa kuwa ni ya kulinda usafi wa michezo. Lakini tuitazame vizuri: nani anaweza kufanya mazoezi miaka na miaka bila kulipwa chochote? Ni yule ambaye chakula chake kinatoka kwingine. Kanuni ilimfaa mtoto wa tajiri, maana hakuwa na haja ya malipo. Ilimbana mtoto wa maskini, maana mwili wake ndio uliokuwa mtaji wake.

Katika misimu ya kiangazi ya 1909 na 1910, Thorpe alikwenda North Carolina kucheza besiboli katika ligi ndogo ya mashariki mwa jimbo hilo, katika timu ya Rocky Mount na baadaye Fayetteville. Alilipwa pesa kidogo. Zinatajwa dola 2 kwa mechi, na kwa kiwango cha juu dola 35 kwa wiki. Kwa mfano wa kwetu, ni sawa na mwanafunzi anayecheza mechi za mtaani wakati wa likizo, akapewa nauli na hela ya chakula na kitu kidogo cha kurudi nacho.

Wanafunzi wengi wa vyuo vikubwa walikuwa wakifanya hivyohivyo. Tofauti ni kwamba wao walitumia majina ya bandia, na vyuo vyao vilijua na kunyamaza. Thorpe alicheza kwa jina lake mwenyewe. Likaandikwa magazetini, na yeyote aliyetaka kujua angeweza kujua.

Januari 1913, karibu miezi sita baada ya Olimpiki, gazeti moja la mji wa Worcester, Massachusetts, likaandika kwamba bingwa wa Stockholm aliwahi kulipwa. Habari zikasambaa nchi nzima. Thorpe hakukana. Aliandika barua kwa James Sullivan, katibu wa chama cha wanariadha wa ridhaa cha Marekani, akakiri kwamba alicheza na alilipwa. Alieleza kwamba hakujua ubaya wake, kwamba alicheza kwa kuupenda mchezo, na kwamba wengine walifanya hivyo kwa kujificha lakini yeye hakujificha. Wanahistoria wengi wanaona kwamba kocha Warner ndiye aliyeiongoza kalamu ya barua hiyo. Warner mwenyewe, pamoja na mkuu wa shule ya Carlisle, walisema hawakujua lolote. Mimi naona ni vigumu kuamini kwamba kocha hakujua mchezaji wake bora alikuwa wapi kwa misimu miwili.

Chama cha Marekani kikamvua hadhi ya ridhaa, na kamati ya kimataifa ya Olimpiki ikamfuta kwenye orodha ya washindi. Medali zikarudishwa pamoja na tuzo za wafalme wawili. Dhahabu ya dekathloni akapewa Wieslander, na ya pentathloni Ferdinand Bie wa Norway.

Hapa ndipo lilipo jambo nililolidokeza mwanzoni. Kanuni za Olimpiki ya 1912 zilisema kwamba pingamizi lolote juu ya sifa za mshindani liwasilishwe ndani ya siku 30 baada ya michezo kufungwa. Siku 30 zilikwisha pita mara nyingi. Kwa kanuni yao wenyewe, mlango wa kumshitaki ulikuwa umefungwa.

Msomaji anaweza kusema: lakini alikiri! Ni kweli, na kukiri ni uthibitisho mzito. Lakini swali la kama mtu ametenda jambo si swali moja na lile la kama kesi inaweza kusikilizwa. Wanasheria wetu walilitambua hilo zamani. Majalla, mkusanyiko wa sheria wa dola ya Uthmaniya, iliweka muda wa miaka 15 kwa madai mengi, na muda ukipita kadhi hasikilizi. Muda huo huwekwa kwa sababu mtu hawezi kuishi na upanga juu ya kichwa chake maisha yake yote, na kwa sababu madai yanayochelewa huja na nia nyingine. Wakubwa wa michezo waliijua kanuni ya ridhaa neno kwa neno. Ile ya siku 30 hawakutaka kuikumbuka.

Besiboli: mchezaji wa kulipwa

Baada ya kufukuzwa kwenye ridhaa, Thorpe alibakiwa na njia moja, kucheza kwa malipo bila kificho. Mwaka 1913 alisaini na New York Giants, timu kubwa ya besiboli iliyoongozwa na John McGraw.

Katika besiboli mmoja hurusha mpira mdogo mgumu kwa kasi, na mpinzani hujaribu kuupiga kwa gongo. Akiupiga vizuri hukimbia kuzunguka vituo hadi arudi alikoanzia, na hapo timu yake hupata pointi. Ugumu wake ni mipira inayopinda hewani, na Thorpe ilimsumbua. Mwili wake ulikuwa wa ajabu, lakini besiboli inataka jicho lililozoezwa miaka mingi. McGraw alimweka benchi mara kwa mara, huku jina lake likivuta watazamaji.

Mwisho wa 1913 Giants na Chicago White Sox walianza ziara ya kuzunguka dunia. Thorpe alikuwa ndio kwanza ameoa, akamchukua mkewe, Iva. Walipita Japani, China, Ufilipino, Australia na Ceylon, na Februari 1914 wakafika Misri. Walicheza Cairo, wakaenda kwenye piramidi na kupiga picha mbele ya sanamu ya Abul-Hol. London walicheza mbele ya Mfalme George wa Tano. Katika msafara ule wote aliyejulikana zaidi ughaibuni alikuwa yeye, mtu ambaye jina lake lilikuwa limefutwa vitabuni mwaka mmoja tu nyuma.

Alicheza katika ligi kuu hadi 1919, akipitia Giants, Cincinnati Reds na Boston Braves, jumla ya mechi 289. Siku moja inakumbukwa sana. Mei 2, 1917, Cincinnati walicheza na Chicago, na kwa awamu zote tisa warushaji wa timu zote mbili hawakuruhusu pigo salama hata moja. Ni jambo ambalo halijatokea tena katika ligi kuu. Katika awamu ya kumi Thorpe aliupiga mpira ukasogea hatua chache tu, lakini kwa mbio zake hawakuweza kumtoa, na mwenzake akaingia na pointi pekee ya mechi. Katika msimu wake wa mwisho, 1919, alipiga kwa wastani wa .327, kiwango cha wapigaji bora. Alikuwa amejifunza, lakini umri wake ulikuwa umeshafika 32.

Futiboli: mwasisi wa ligi

Vuli ilipoingia na msimu wa besiboli ukaisha, Thorpe alihamia futiboli. Mwaka 1915 timu ya Canton Bulldogs ya Ohio ilimpa dola 250 kwa mechi, pesa ambazo watu waliona ni wazimu. Zilirudi haraka, kwa sababu maelfu walikuja kumwona, hasa Canton walipokutana na majirani zao wa Massillon. Futiboli ya kulipwa wakati huo ilikuwa mchezo wa miji midogo ya viwanda, usio na heshima wala mpangilio. Timu ziliibiana wachezaji, na mchezaji aliweza kubadili timu kila wiki.

Septemba 17, 1920, viongozi wa timu walikutana Canton katika duka la magari la Ralph Hay, mwenye timu ya Bulldogs. Viti havikutosha, wengine wakakaa kwenye ngazi za pembeni za magari. Wakaunda chama na kumchagua Thorpe kuwa rais wake wa kwanza. Kwa ukweli walihitaji jina lake kuliko uongozi wake, na mwaka uliofuata akachaguliwa mwingine. Lakini chama kile ndicho kilichobadili jina mwaka 1922 na kuwa NFL, ligi ya futiboli ambayo leo ni miongoni mwa ligi tajiri kuliko zote duniani. Rais wake wa kwanza alikuwa mtu aliyefukuzwa Olimpiki kwa kupokea vijisenti.

Mwaka 1922 na 1923 aliongoza timu ya Oorang Indians ya mji mdogo wa LaRue, Ohio. Wachezaji wake wote walikuwa wenyeji wa asili. Ingekuwa habari ya fahari, lakini mwenye timu, Walter Lingo, alikuwa mfuga mbwa, na timu ilikuwa tangazo la biashara yake. Wakati wa mapumziko wachezaji hawakupumzika. Walitakiwa wacheze ngoma na kuonyesha mbwa mbele ya watazamaji. Thorpe alicheza mechi yake ya mwisho mwaka 1928, akiwa na umri wa miaka 41.

Miaka migumu

Sitampaka rangi. Thorpe alikuwa na udhaifu wake, na mkubwa kuliko wote ulikuwa pombe. Mwaka 1918 mtoto wake wa kwanza wa kiume, aliyeitwa kwa jina lake, alifariki akiwa mdogo, na waliomjua walisema hakurudi kuwa yuleyule. Alioa mara tatu. Pesa alizipata na kuzigawa, na watoto wake walikua wakimwona kwa nadra.

Mdororo wa uchumi ulipoikumba Marekani, bingwa wa Stockholm alikuwa akichimba mitaro kwa koleo huko Los Angeles na kuigiza sehemu ndogondogo kwenye filamu. Olimpiki ya 1932 ilifanyika katika mji huohuo, naye hakuwa na pesa ya tiketi. Habari zilipoenea, Makamu wa Rais wa Marekani, Charles Curtis, ambaye naye alikuwa na asili ya kabila la Kaw, alimkaribisha akae naye, na watazamaji wakasimama kumshangilia.

Mwaka 1950 waandishi wa habari wa Marekani walimchagua mwanariadha bora wa nusu ya kwanza ya karne. Mwaka uliofuata ikatoka filamu ya maisha yake, lakini haki za filamu hiyo alikuwa ameziuza zamani kwa dola 1,500, hivyo ilipopata faida yeye hakuwa na fungu. Mwaka huohuo alifanyiwa upasuaji wa saratani ya mdomo kama mgonjwa asiye na uwezo wa kulipa. Alifariki kwa maradhi ya moyo Machi 28, 1953, katika nyumba ya matrela huko Lomita, California.

Medali zilivyorudi

Katika uhai wake na baada yake watu waliomba medali zirudishwe. Kwa miaka 20, kuanzia 1952 hadi 1972, rais wa kamati ya kimataifa ya Olimpiki alikuwa Mmarekani Avery Brundage, naye alikataa. Brundage alishiriki pia Stockholm mwaka 1912, katika pentathloni na dekathloni zilezile, asipate medali.

Aliyefungua mlango hakuwa mtu wa cheo. Mwandishi Robert Wheeler na mkewe, Florence Ridlon, walitafuta kumbukumbu hadi Ridlon akakipata kitabu cha kanuni za 1912 katika maktaba ya bunge la Marekani. Kanuni ya siku 30 ilikuwa imo humo muda wote. Oktoba 1982 kamati ikakubali, na Januari 1983 watoto wa Thorpe wakakabidhiwa medali. Lakini ilikuwa haki nusu, kwa sababu alitajwa kuwa mshindi pamoja na Wieslander na Bie, na matokeo rasmi hayakubadilishwa. Kampeni ikaendelea. Familia ya Wieslander ilisema kwamba mzee wao hakuwahi kuikubali dhahabu ile kuwa yake. Julai 2022 kamati ikamtangaza Thorpe mshindi pekee wa michezo yote miwili.

Kitabu kilikuwa kwenye rafu. Sisi tunaoshinda maktaba tukilalamikia vumbi, tulitie hilo akilini.

Mwili wake

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa njema, lakini bado kuna kaburi. Alipofariki, ndugu zake wa Sac and Fox walianza mazishi ya mila zao huko Oklahoma. Kabla hayajakamilika, mke wake wa tatu alifika akauchukua mwili. Aliutafutia mahali patakapomjengea mumewe kumbukumbu. Huko Pennsylvania miji miwili ya wachimba makaa iliyofifia, Mauch Chunk na East Mauch Chunk, ikakubali. Mwaka 1954 ikaungana na kujiita Jim Thorpe, kwa matumaini kwamba jina litaleta wageni. Yeye hakuwahi kuishi hapo.

Mwaka 2010 mmoja wa wanawe alifungua kesi, na ndugu zake wakaiendeleza, wakitaka baba yao arudishwe kwao. Walitumia sheria inayolinda mabaki ya wenyeji wa asili. Walishinda mwaka 2013, wakashindwa kwenye rufaa mwaka 2014, na mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza.

Nikawaambia myakumbuke makaburi ya Carlisle. Tangu 2017 jeshi la Marekani limekuwa likiyafukua, moja baada ya jingine, na kuwarudisha watoto wale kwa makabila yao. Carlisle iko Pennsylvania, jimbo lilelile. Watoto waliosoma kabla ya Thorpe wanarudi nyumbani. Thorpe mwenyewe amerudishiwa medali zote mbili, amerudishiwa jina lake kwenye orodha ya washindi, lakini mwili wake bado uko kando ya barabara katika mji alioletwa akiwa maiti, juu ya udongo kidogo ulioletwa kutoka Oklahoma na mwingine kutoka uwanja wa Stockholm.